Swali Lililoletwa Gakindu

Siku hiyo Kagure alipika chai ya maziwa mengi. Afisa wa probesheni alikuwa anakuja Gakindu kuuliza kama mjukuu wake Wahome angepokelewa nyumbani.

Wahome alifungwa akiwa kijana. Yeye na mwenzake walikwenda kuiba kahawa mbivu kwa jirani yao, Wakiuru, na mama huyo alipotokea wakamsukuma akaanguka. Mwenzake alikuwa na panga. Sheria ya wakati huo ilikuwa kali: wezi wawili, silaha moja, basi polisi waliandika wizi wa mabavu, na hakimu hakuachiwa la kupima. Ni kifo. Baadaye kikageuzwa kifungo cha maisha. Sasa mahakama ilikubali kuipima hukumu upya, ila jaji alitaka kwanza kujua aliyeibiwa anasemaje.

Na huyo ndiye ambaye Kagure alimwogopa. Miaka yote wamesalimiana kanisani tu, basi.

Afisa, binti wa Meru aitwaye Nkatha, alimwita Wakiuru, akawaketisha wote wawili uani kwa Kagure.

"Mama Wakiuru, akirudi utaogopa?"

"Niliogopa mwaka ule. Halafu polisi wakaanza kushika kila kijana, hata wangu, aliyetumwa chumvi. Vijana wakahama. Sasa kahawa nachuma na magoti haya."

"Kwa hivyo umemsamehe?"

"Ati nimsamehe hewani? Nina maneno yake. Aje asimame hapa ayasikie. Halafu aingie ngwatio, tuvune pamoja shamba hadi shamba, kila mtu amwone mchana."

Kagure aliinamisha kichwa. Wakiuru akamgeukia.

"Na wewe pia urudi ngwatio, nyanya Wahome. Nani alikufukuza?"

"Nilidhani hunitaki."

"Ulijitoa mwenyewe. Kila msimu nauliza uko wapi."

Nkatha alimaliza chai, akaongezewa bila kuulizwa.

Jaji aliposoma ripoti ya Nkatha, aliona miaka aliyokaa Wahome ndani imetosha. Wahome alirudi kahawa ikiwa nyekundu, mvi zimeanza kumtokea. Akasimama mbele ya Wakiuru, kofia mkononi, na Wakiuru akamwambia yote, polepole, bila kuruka hata neno. Kagure alisikia kila kitu akiwa mstari wa pili wa mikahawa, akichuma. Wakiuru alipomaliza, alimwonyesha Wahome miti ya bondeni, ile ambayo magoti yake hayafiki.