Gia ya Mgeni

Shamso alikuwa na sumaku moja aliyoing'oa kwenye spika iliyokufa, na kwa sumaku hiyo alijijengea jina mtaa mzima wa Galbet, mjini Garissa. Ukimletea spea ya gari la rimoti hakujisumbua kusoma maandishi ya pakiti, maana maandishi hata mwizi anaweza kuyachapisha. Aliisogeza sumaku karibu na gia, basi. Ya chuma cha kweli iliruka ikaganda. Feki, iliyomiminwa kwa madini laini na kupakwa rangi ya chuma, ililala pale pale kama haijaitwa. "Rudisha kwa aliyekuuzia," alikuwa akisema, tena kwa sauti ya kuwafikia hata wa duka la pili.

Kazi yake hasa ilikuwa kutengeneza simu. Magari ya rimoti yalikuja baadaye, pale watu wa Nairobi waliohamia Garissa kikazi walipoanza kuyashindanisha kwenye mchanga nje ya mji kila Ijumaa alasiri. Wanaume wazima na ndevu zao, wakivikimbiza vigari visivyozidi ukubwa wa paka! Shamso aliwacheka kimoyomoyo, na kazi zao akazifanya vizuri.

Kigari kimoja tu hakikuwa cha mchezo. Hicho kilikuwa cha kaka yake, Mohamednoor, dereva wa bauza, lori la tangi la maji, aliyepeleka maji kwenye vijiji vya mbali kupita Hagadera baada ya visima kukauka. Njia ile ilikuwa na makalvati, yale mapito ya maji chini ya barabara, na mara mbili mwaka huo watu wasiojulikana walikuwa wametega vilipuzi ndani yake. Shamso ndiye aliyepata wazo. Alikifunga kigari kamera na taa, akampa kaka yake kioo kidogo cha kushika mkononi, cha kuonyesha kile kamera inachokiona. Mohamednoor alisimamisha bauza mbali, akakituma kigari mbele kikachungulie ndani ya kalvati, na akiona ni peupe ndipo apite. Miezi mitano alikwenda na kurudi hivyo. Kila aliporudi, mkewe, Yurub, alikipangusa kigari vumbi kwa ncha ya mtandio wake kabla hata ya kumwandalia mumewe chai, na Mohamednoor alizoea kulalamika kwamba ameletewa mume mwenza mwenye magurudumu manne.

Kisha gia kubwa ya kigari ikaanza kulia, meno yamelika. Shamso aliagiza mbili kutoka Eastleigh, Nairobi, moja ya kutumia na moja ya akiba. Zilifika kwa basi siku ya Alhamisi, katika pakiti moja, rangi moja, maandishi yale yale. Alizijaribu. Moja iliruka, nyingine ikalala. Alimpigia simu muuzaji akamsema mpaka akaomba radhi na kuahidi kuleta nyingine Jumanne. Ile ya chuma Shamso aliifunga kwenye karatasi, akaandika juu yake jina la kaka yake. Safari ya Mohamednoor ilikuwa Jumatano, kwa hiyo hapakuwa na haraka yoyote.

Ijumaa asubuhi akaingia Abdimalik. Huyu alikuwa mhandisi aliyezaliwa na kukulia Nairobi, Kisomali chake cha kuombea maji tu, na hakuwa na hata jamaa mmoja Garissa.

"Abaayo, dada yangu, nimekwama vibaya," alisema, akiweka gari lake mezani. "Gia imeisha meno na resi ni leo saa kumi. Niokoe."

"Iko moja tu, na iko na mwenyewe. Ni ya kaka yangu."

"Sawa, abaayo. Ni yake basi." Akaanza kulikusanya gari lake bila kubisha, na hapo ndipo alipomshinda. Angebishana, Shamso angemfukuza.

Kwao Shamso, mgeni akifika, maziwa ni yake, na watoto wa nyumbani hunywa chai kavu bila kununa. Alilelewa hivyo na hakuwahi kujiuliza kwa nini. Wa nyumbani ni wa nyumbani, atasubiri, hatakununia kwa siku nne. Alifungua ile karatasi, akamfungia Abdimalik gia ya chuma kwa mikono yake mwenyewe. Jamaa alimshukuru mpaka akaona haya. Nami sitaficha kitu: Shamso alijisikia vizuri mno, kama mtu aliyelisha msafiri.

Alasiri ile ile Mohamednoor akasimama mlangoni.

"Nipe kigari. Tunaondoka alfajiri, mimi na shemeji yangu Salat."

"Si Jumatano?"

"Wamepiga simu kutoka kule. Wamefikia kunywa tope. Nitawaambia nini, wangoje Jumatano?"

Shamso aliitazama simu yake. Angeweza kumpigia Abdimalik, lakini saa hiyo alikuwa mchangani anashindana, na kumnyang'anya mgeni kitu ulichompa kwa hiari ni aibu ambayo hakujua mtu anaianzaje. Angeweza pia kumwambia kaka yake ukweli. Lakini angesema nini? Kwamba kitu cha kulinda roho yake amekitoa kwa mtu wa kucheza? Gia feki ilikuwa pale mezani. Ni safari moja, akajiambia. Meno yake mapya. Haiwezi kufa kwa safari moja. Akaifunga, huku Mohamednoor ameegemea meza akimtania kuhusu miwani yake.

Alipomkabidhi kigari, kaka yake alikigeuza juu chini, kisha akamtazama.

"Umejaribu sumaku?"

"Nimejaribu," alisema Shamso.

Na kweli alikuwa amejaribu. Mohamednoor akacheka, akakibana kigari kwapani, akaenda zake.

Jumamosi adhuhuri simu zikaanza. Alfajiri ya Jumapili walimzika.

Salat, dereva mwenza, alikuwa kaka wa kuzaliwa wa Yurub, na ndiye aliyesimulia, uani kwa marehemu, mkono mmoja umefungwa bendeji. Kalvati la tatu, alisema. Kigari kilikwenda vizuri, kikateremka kwenye mtaro, na hatua chache kabla ya mdomo wa kalvati kikasimama. Kwenye kioo waliona kivuli cha mdomo wenyewe tu. Ndani hawakuona kitu.

"Nikamwambia turudi. Akasema maji haya yanangojwa. Tukabonyeza rimoti, wapi. Injini ya kigari tuliisikia mpaka kwenye bauza, inalia kwa nguvu zake zote, lakini magurudumu hayazunguki. Akasema, siwezi kuacha kazi ya dada yangu porini, ngoja nikakichukue. Nikamwita. Akanipungia mkono bila kugeuka."

Shamso hakuhitaji kusikia zaidi. Injini inalia, magurudumu hayazunguki: maneno hayo fundi yeyote anajua maana yake. Wazee waliokaa mkekani walisema ni kadari ya Mungu, siku yake ilikuwa imeandikwa, na mmoja wao akamgeukia Shamso akamwombea baraka kwa jinsi alivyomlinda kaka yake miezi yote ile. Wengine wakaitikia amina. Shamso alitaka ardhi immeze.

Salat alimkabidhi kigari kwenye mfuko wa nailoni. Mlipuko ulikuwa umekitupa pembeni na kukipasua ganda, basi. Dukani alifunga mlango, akakifungua kwa bisibisi. Gia ilikuwa imebaki duara tupu, laini kama kifungo cha shati, na meno yake yote yamekuwa ungaunga wa kijivu ndani ya grisi. Aliileta sumaku. Sijui alitarajia nini. Gia ililala pale pale, na Shamso akalia mpaka sauti ikamkauka.

Siku ya saba Yurub alimwita. Alikuwa amekaa ndani na nguo zake nyeupe za eda, uso umesawajika.

"Wifi, keti," alisema. "Bauza limepata dereva. Ni Salat. Nimemkataza, hasikii. Anasema watu wa kule hawana kosa. Mtengenezee naye kigari. Mfanyie vile vile ulivyomfanyia Mohamednoor. Usibadilishe kitu."

Wallahi, hapo angeweza kuitikia tu. Angesema sawa, akaenda kufunga gia ya chuma, na hakuna ambaye angejua mpaka kiama. Wazee walikwisha kumsafisha. Shamso alifungua mkoba wake. Akaweka mkekani ile gia isiyo na meno, na kando yake sumaku.

"Zigusanishe," alisema.

Yurub alizigusanisha. Akajaribu tena upande wa pili.

"Hazishikani."

"Hii ndiyo niliyomfungia safari ya mwisho. Ni feki, na nilijua. Ya chuma ilikuwepo, ina jina lake juu. Nikampa mgeni akacheze nayo mchangani."

Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Yurub aliizungusha gia mkononi, akiipapasa kwa kidole gumba mahali ambapo meno yalipaswa kuwa.

"Hakukuuliza?" alisema mwishowe.

"Aliniuliza kama nimejaribu sumaku. Nikamwambia nimejaribu."

Shamso alingoja tusi, au kofi, au kilio. Angepokea chochote kwa shukrani. Yurub hakumpa hata kimoja. Aliifunga gia kwenye ncha ya mtandio wake, ncha ile ile aliyokuwa akipangusia vumbi, akakaza fundo kwa meno.

"Tengeneza cha Salat," alisema. "Lau angekuwapo mwingine anayejua kazi hii, ningempa yeye. Kikiwa tayari kilete hapa kwanza, ukiache mlangoni, usiingie."

Shamso akaitikia kwa kichwa na kunyoosha mkono aichukue sumaku yake. Yurub aliiwahi, akaifunika kwa kiganja.

"Hii iache," alisema. "Nitajaribu mwenyewe."