Tone la Mafuta kwa Mheshimiwa

Dakika ya ishirini na mbili, ukungu ulirudi.

Ulianzia pembeni mwa picha, ukatambaa taratibu kuelekea katikati, na zile seli za ubongo zilizokuwa zikiwaka na kuzimika kijani kwenye kompyuta zikafifia moja moja mpaka tukabaki tunatazama weupe mtupu. Chini yetu, ndani ya vijia vya mbao vyenye kona saba, panya aliyevaa kifaa chetu kichwani aliendelea na safari zake. Yeye hakuwa na habari. Alifika kona ya tatu, akanusa, akageuka, akakimbia. Chochote kilichopita ndani ya ubongo wake wakati ule, sisi tulikuwa tumeshakikosa.

"Mara ya nne hii," mhandisi alisema, akavua miwani na kuifuta kwa shati. "Na wageni wanakuja Ijumaa kukiona kifaa."

Daktari, mkuu wa maabara yetu, alikuwa mwanamke aliyezungumza na panya kwa upole kuliko alivyozungumza na sisi. Alimgeukia mzee aliyetunza wanyama.

"Mzee, vizimba vyako ni visafi?"

"Daktari, kwangu mle unaweza kula chakula sakafuni."

"Basi huu ukungu unatoka wapi? Mhandisi anasema ni kidonda cha utosini, chini ya lenzi, kinatoa majimaji. Kidonda hakijichafui chenyewe."

Daktari akamwambia kesho asubuhi arudishe funguo za chumba cha wanyama. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, kibano mkononi, nikamwonea huruma mzee wa watu. Huruma tu, basi. Sikujua kwamba mchawi wa mambo yale yote nilikuwa mimi.

Mimi ni fundi saa, binti wa fundi saa. Kibanda chetu kilibanwa kati ya duka la simu na duka jingine la simu, na katika miaka yake ya mwisho watu waliingia kuuliza chaja. Humo nilikaa na Baba miaka kumi na minne, kioo cha kukuzia kimenibana jichoni, mpaka jicho la kulia likapata mikunjo kabla ya la kushoto. Baba hakuwa mtu wa kusifu. Ukimaliza saa unaiweka mbele yake, naye anauliza neno moja: "Inakwenda?" Ukisema inakwenda, anaipeleka sikioni, anasikiliza, anaiweka chini, anachukua saa nyingine. Zaidi ya hapo usingoje, utazeeka. Halafu mikono yake ikaanza kutetemeka, na kwa fundi saa huo ndio msiba.

Siku moja Daktari aliingia akiwa na kiberiti. Nikajua na huyu anatafuta chaja. Akakifungua, na ndani yake mlikuwa na skrubu ndogo kuliko mbegu ya ufuta, imekatika kichwa.

"Unaweza kunitengenezea nyingine?"

"Ya saa gani hii?"

"Si ya saa. Ni ya hadubini anayovaa panya."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akavuta kigoda, akanieleza kwamba hadubini ya kawaida inajaza meza, kwa hiyo ukitaka kuona ubongo unavyofanya kazi lazima mnyama ashikwe, atulizwe chini yake. "Na panya aliyeshikwa," akasema, "anafikiria mkono uliomshika, basi. Mimi nataka kujua anafikiria nini akiwa na shughuli zake." Kwa hiyo walikuwa wakiunda hadubini ya kuvaliwa kama kofia, yenye lenzi, taa na kamera, na waya mwembamba wa kupeleka picha kwenye kompyuta. Panya wao alikuwa na uzito wa gramu ishirini na nane. Kofia yenyewe ilikuwa na gramu nne, na maskini alikuwa akitembea upande.

Nilichukuliwa kwa majaribio ya miezi mitatu. Nilikwangua, nikachonga, nikatoboa kila penye nyama isiyohitajika, mpaka kofia ikafika gramu mbili kasoro. Siku tuliyomvisha, yule panya aliinua kichwa akatembea kwa madaha chumba kizima, na mzee wa wanyama akambatiza jina papo hapo. "Huyu ni Mheshimiwa," alisema. "Ana kofia, ana waya wa mawasiliano, na salamu haitikii."

Mchana wa siku ile ya ukungu wa nne nilikibeba kifaa mezani kwangu kukisafisha, kama nilivyofanya mara tatu za mwanzo. Safari hii nilikiinamisha kwanza kwenye mwanga wa dirisha. Juu ya lenzi palikuwa na utando mwembamba wenye rangi rangi, kama ile ya kwenye dimbwi nje ya gereji. Nikaugusa kwa ncha ya kijiti. Ukavutika.

Majimaji ya kidonda hayavutiki hivyo. Yale yalikuwa mafuta ya saa, tena yangu mwenyewe, ya kile kichupa nilichokuja nacho kutoka kibandani.

Kwa maana katika kifaa kile kuna skrubu ya kusogeza lenzi mbele na nyuma mpaka picha itulie, na mimi nilikuwa nimeitia tone moja. Mchoro wa mhandisi haukutaja mafuta, nami nikamcheka kimoyomoyo: mtu msomi kiasi hiki, amesahau mafuta! Sikumwambia mtu. Nani anatangaza kwamba leo amefunga vifungo vya shati? Kila kinachozunguka kinapata tone lake, hivyo ndivyo nilivyolelewa. Lakini saa haina taa tumboni, na hakuna anayeivaa utosini kwa kiumbe mwenye damu ya moto. Kifaa kilipopata joto mafuta yalilainika, yakatambaa, yakaifikia lenzi. Nami kila ukungu ulipokuja nilikifungua, nikakifuta vizuri, na kabla ya kukifunga nikatia tone jipya. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Changu kilikuwa mfukoni, kwenye kichupa.

Sitasema uongo, shetani alinipitia. Ningefuta lenzi, nikaushe skrubu, ninyamaze. Picha ingesafika, watu wangesema afadhali mzee ameondoka, na majaribio yangu, ambayo yalikuwa yanaisha wiki hiyohiyo, yangeisha kwa sifa. Nililifikiria jambo hilo kikombe kizima cha chai.

Kisha nikapita mlangoni kwa mzee. Alikuwa anaosha vizimba kwa mara ya mwisho, kimoja kimoja, hana haraka.

"Mwanangu," aliniita bila kugeuka, "huyo atakayekuja, mwambie Mheshimiwa hapendi kushikwa mkia. Ukimshika mkia anasononeka siku nzima."

Nikaenda moja kwa moja ofisini kwa Daktari. Mhandisi alikuwemo.

"Daktari, ule ukungu si kidonda. Ni mafuta. Nimeyatia mimi."

"Mafuta!" Mhandisi aliruka. "Kwenye hadubini! Si nilisema mimi, mambo ya kuokota mafundi wa mtaani..."

"Nani alikwambia utie mafuta?" Daktari aliniuliza.

"Hakuna."

Akamgeukia mhandisi. "Na nani alimwambia asitie?"

Mhandisi akaanza kuifuta tena ile miwani. Daktari aliinuka, akatoka, na kupitia mlango uliobaki wazi nikamsikia akisema ukumbini, kwa sauti aliyozoea kuwapa panya peke yao: "Mzee, nimekukosea. Naomba unisamehe." Aliporudi alibaki amesimama.

"Bila mafuta, hiyo skrubu inageuka?"

"Inakwama."

"Leo Jumanne. Ikikwama Ijumaa nitaagiza vifaa vya kununua, na hiyo meza yako tutaiwekea birika."

Jioni ile kibandani, Baba alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ameikalia, kama alivyofanya siku hizo ili isionekane. Nilidhani atanikaripia.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema. "Ndani ya saa, wapi nilikukataza kutia mafuta?"

"Baba, ulisema kila kinachozunguka..."

"Nilisema kinachozunguka. Na kile kiuma kinachokwenda na kurudi?"

Kiuma kile kidogo kinachozuia gurudumu na kuliachia, tiki, taka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa aliponipiga kofi la mkononi kwa kukitia mafuta.

"Kile kinabaki kikavu," nilisema. "Ni chepesi mno, mafuta yanakishika."

"Sasa kikavu kinakwendaje?"

"Tunaking'arisha mpaka..." Sikumalizia. Baba alikuwa ameshavuta droo na kutoa vijiti vya mti laini na unga wa kung'arishia. Jungu kuu halikosi ukoko.

Siku mbili nilikaa kibandani nikiisugua skrubu ile, mfuo kwa mfuo, kijiti kikiisha nachonga kingine. Nikimwonyesha, anasema, "Bado." Namwonyesha tena. "Bado, binti." Alhamisi saa tisa alasiri aliipeleka sikioni, akaniambia niizungushe palepale. Alisikiliza. Hakusema bado.

Tangu hapo nimetengeneza kofia za panya zaidi ya mia mbili, na Baba hayupo tena. Lakini Ijumaa ile alikuwepo. Daktari alikuwa ameniambia, "Mlete aliyekufundisha," naye akaja amefunga shati mpaka kifungo cha shingoni, akasimama nyuma ya wageni watano karibu na mzee wa wanyama. Mheshimiwa aliachiwa. Mimi nilitazama saa ya ukutani tu. Dakika ya ishirini. Ishirini na moja. Ya ishirini na mbili ilipofika mhandisi alishika ukingo wa meza, na mimi nikaacha kupumua.

Ishirini na tatu. Picha ilikuwa safi kama maji ya mtungini.

Ikaenda nusu saa, ikapita. Seli ziliwaka na kuzimika, na Daktari akawaonyesha wageni moja iliyokuwa upande wa juu: kila Mheshimiwa alipofika kona ya tatu, ile ile ndiyo iliyowaka. Akizunguka akirudi, inawaka tena.

"Anaijua njia," mzee alinong'ona. "Mheshimiwa wangu anaijua njia!"

Mgeni mmoja aliuliza ni kiwanda gani kilichounda kifaa kile. Mhandisi, nampa haki yake, alininyooshea mkono. "Ni huyu. Fundi saa wetu." Nilijivuna, jamani. Nilijivuna mpaka masikio yakapata moto, wala sioni haya kulisema.

Baba alisogea, akasimama karibu yangu.

"Inakwenda?" aliuliza.

"Inakwenda, Baba."

Nikangoja ageuke, kwa kuwa kwa kawaida hapo ndipo alipochukua saa nyingine. Hakugeuka. Alitoa miwani mfukoni kwa mikono yake yote miwili inayotetemeka, hakuificha, akaivaa, akainamia ile picha.

"Hebu tungoje apite tena," alisema.