Herufi Saba Juu ya Mlango wa Duka

Mama mmoja, muuguzi mstaafu, aliniletea picha aliyoifunga kwenye leso. Kiti cha wageni kilikuwa kimejaa makaratasi, kwa sababu siku hizi wateja wangu hutuma picha za kurekebisha kwa simu na kushukuru kwa simu. Niliyahamishia sakafuni, akaketi.

Picha ilikuwa na mkunjo katikati na imeliwa na unyevu. Kijana mmoja alisimama mbele ya duka, mikono nyuma. Juu ya mlango palikuwa na kibao: FUNDI SAA NA, halafu ukungu mweupe, halafu YE.

"Ni baba," alisema. "Alifariki nikiwa na miaka mitatu. Hapo pameandikwa 'Fundi saa na bintiye.' Mama alikuwa akinionyesha kwa kidole. Nataka pasomeke kabla macho yangu hayajaniaga."

"Una haraka nayo, mama?"

"Haraka ya nini, mwanangu? Nyumba nzima niko mwenyewe. Hata nikichelewa kurudi, hakuna wa kuuliza."

Nilicheka kidogo, maana na mimi ni vivyo hivyo. Tangu mke wangu aondoke, naongea na kompyuta kuliko na watu, nayo hainijibu ila ikikwama.

Kazi ilinichukua siku tatu. Niliiingiza picha kwenye kompyuta, nikaziba mkunjo, nikaondoa madoa moja moja. Kwenye kibao sikuumiza kichwa. Neno nilishaambiwa, basi nikaazima I na N kutoka kwenye "FUNDI", D nikaigawa tumbo ikawa B, na T nikaiunda mwenyewe. Ikapendeza.

Kabla ya kuchapisha, nilizificha herufi zangu ili nilinganishe na picha ya awali, nikaongeza weusi kupita kiasi. Chini ya ukungu kikajitokeza kivuli cha rangi ya zamani. Herufi ya kwanza haikuwa na matumbo mawili. Ilikuwa N. Ya nne ilikuwa G. Nilinawa uso, nikatazama tena. NDUGUYE. Herufi saba, sawa na lile neno jingine, na mwisho wake uleule.

Ningeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Nilishinda na jambo hilo mchana kutwa, sina wa kumwuliza. Kesho yake nikampigia simu.

Alikuja, nikamwonyesha kwenye kioo cha kompyuta, herufi baada ya herufi. Alisogeza kiti karibu.

"Mimi niliambiwa baba hakuwa na mtu," alisema. "Na ile bintiye yako, unaweza kuiacha ilivyo?"

"Naweza. Iko tayari, mama. Uamuzi ni wako."

Alivua miwani, akaifuta, asiivae tena.

"Mama yangu hakujua kusoma," alisema taratibu. "Kwenye karatasi alikuwa anaweka dole gumba. Sasa hayo maneno aliyatoa wapi?"

Aligusa kioo kwa kidole, pale penye herufi ya kwanza.

"Baba ndiye aliyemsomea. Alimsomea vile alivyotaka yeye iwe."

"Huenda," nilisema. Iliwezekana pia kwamba mama yake alilitunga mwenyewe, kumpa mtoto kitu cha kushika. Hilo nililimeza.

"Weka nduguye," akasema. "Huyo mtu alikuwepo, nami sikuwahi hata kumsikia. Nisiwe mimi wa kumfuta. Neno langu ninalo."

Nikaichapisha. Aliishika kwa ncha za vidole mpaka wino ukauke, kisha akauliza, bila kunitazama, kama anaweza kukaa kidogo kwa kuwa nje jua ni kali. Nikamwambia akae atakavyo. Aliniuliza kama nimekula, nikamwambia bado, akanikaripia kidogo, na sikumbuki ni lini mtu alinikaripia kwa jambo kama hilo.

Alipoondoka nilimsindikiza hadi barabarani, nikasimama mpaka akakata kona. Kisha nikarudi ndani kuendelea na picha ya harusi ya watu nisiowajua.