Uzito wa Abiria

Msambaza mikate alikuwa mbishi, jamani, mbishi wa kupindukia. Wiki tatu nzima alishikilia kwamba kinachomtesa mkewe ni shokapu za nyuma za pikipiki yake. Kila alipompeleka hospitali kuchomwa dawa, wakifika kwenye matuta mke alimng'ang'ania kiunoni akaguna, mpaka mume akatamani ashuke aibebe pikipiki begani. Daktari alishasema ugonjwa umeingia kwenye mifupa. Yeye akajisemea moyoni, mifupa wapi bwana, ni hizi shokapu.

Asubuhi hiyo, wakirudi kutoka hospitali, akakata kona moja kwa moja hadi gereji.

"Ng'oa hizi takataka, uniwekee za gesi," alimwambia fundi.

Fundi alikuwa mtu wa utani. "Taratibu bosi, usinitajirishe kwa pupa. Shokapu zinachaguliwa kwa uzito. Shemeji, hebu baki hapo juu peke yako nipime zinashuka kiasi gani."

Mume akashuka, akaishika pikipiki isiyumbe. Fundi akachuchumaa nyuma na futi yake, akangoja.

"Haya shemeji, jiachie basi, kaa."

"Nimekaa," alisema mke.

Fundi akapima. Akapima tena. Utani ukamwisha. Springi hazikuwa zimeshuka hata kidogo. Akaiegemeza pikipiki kwenye stendi, akamvuta mume pembeni.

"Kaka, shokapu zako nzima kabisa," alimnong'oneza. "Zinamrusha kwa sababu hazimsikii. Zilimfaa shemeji alipokuwa na mwili wake. Na naona zimeshalegezwa mpaka mwisho."

"Nilizilegeza mwenyewe."

"Basi hapo ni kipimo cha mtu anayeendesha bila abiria."

Loo! Mwanamume yule, ambaye kila asubuhi alimnyanyua mkewe kitandani kwa mkono mmoja na kujidanganya kwamba nguvu zimemwongezeka, sasa zilimwisha zote. Aliogopa kugeuka nyuma, asije akamwona mkewe jinsi futi ilivyomwona.

"Za laini zaidi hakuna?" aliuliza, na sauti ilikuwa ya kuomba.

"Zipo za kuagiza. Mwezi na nusu."

"Agiza. Agiza leo hii."

Fundi akasita, kisha akatoa fomu ya oda na kuiweka juu ya tairi kuukuu. Alikwepa kumtazama usoni.

"Dereva kilo ngapi?"

"Sabini na mbili."

"Na abiria?"

Wiki iliyopita nesi alianza kumtajia mume uzito wa mkewe, naye akatoka nje kabla nesi hajamaliza.

Mke alikuwa bado juu ya kiti, na masikio yake hayakuwa na ugonjwa. Alikuwa amesikia yote.

"Mwezi na nusu ni mbali, mume wangu," alisema kwa upole. "Fundi, andika dereva peke yake."