Mlio wa Nyuma Kushoto

Mlio ulianza wiki ya pili baada ya kubadilisha springi, na ulikuwa na adabu ya ajabu. Haukusikika nikiwa peke yangu, haukusikika nikiwa na mke wangu, wala haukusikika siku niliyobeba maboksi sita ya mitihani ya wanafunzi. Ulisikika Ijumaa tu, nikimpeleka mama mkwe kliniki, naye amekaa kiti cha nyuma upande wa kushoto. Ko. Ko-ko. Nikipunguza mwendo, unanyamaza. Nikikanyaga mafuta, unarudi.

"Gari lako linagonga," aliniambia mara ya kwanza, kwa upole wa mtu anayekujulisha kwamba kifungo cha shati kimefunguka.

"Nimesikia, mama. Nitalishughulikia."

"Sisemi kitu, baba. Nasema tu linagonga."

Gari lenyewe ni la zamani, lenye mgongo wa mviringo, na sisi wenye magari ya aina hiyo tunaliita Kobe. Tuko kumi na saba hapa mjini. Tuna kundi letu la simu, na Jumapili asubuhi hukutana uani kwa Bi Nati, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na mkuu wetu, mwanamke anayeweza kupapasa nati akiwa amefumba macho na kukutajia namba ya spana yake. Mwenye jeki huja na jeki, mwenye nguvu huja na nguvu, na asiye na kimojawapo, kama mimi, huja na chupa ya chai. Kwa msaada wao nilikuwa nimeng'oa springi za zamani, zilizokuwa laini kama godoro la wageni, nikafunga mpya, fupi na ngumu. Kobe likashuka vidole vitatu kuelekea ardhini. Kwenye kona halikuyumba tena. Nakiri kwamba mimi, niliyefikisha miaka hamsini na moja bila kumpita dereva yeyote, nilianza kuwapita watu.

Mke wangu hakuwa na habari ya springi. Alikuwa na habari ya mama yake.

"Mama anashuka garini ameshika kifua," aliniambia Jumatatu. "Anasema linagonga kama mtu aliyefungiwa anayetaka kutoka."

"Ni kitu kidogo."

"Kila kitu kwako kidogo mpaka kikuangukie mguuni. Sikiliza, bwana wewe. Ijumaa hii mama anakwenda tena. Likilia, Jumamosi kaka anakuja na kamba, analivuta mpaka kwake, anafugia kuku."

"Kuku?"

"Ameshapima. Anasema wataenea thelathini."

Shemeji yangu si mtu wa maneno mengi. Akishapima, amepima.

Usiku haukuwa umeingia nilipoliandikia kundi. Nilieleza kwa jedwali, kwa ukamilifu ninaowadai wanafunzi wangu: mwendo, gia, hali ya barabara, idadi ya abiria na kiti cha kila mmoja. Majibu yalifurika. Mmoja alisema ni bushi, wa pili akasema shokapu, wa tatu akaapa ni beringi, na wa nne, ambaye kwa kila ugonjwa ana jibu moja, akanishauri nibadilishe betri. Kisha Bi Nati akaingia.

"Mwalimu, jedwali lako zuri, na linasema kitu kimoja tu. Ugonjwa ni uzito wa nyuma kushoto. Mama ana kilo ngapi?"

Yako maswali ambayo mkwe hamuulizi mama mkwe, na hilo ndilo baba yao.

"Sijui," niliandika.

"Kadiria."

"Sikadirii."

"Msomi mzima unaogopa namba?"

"Namba siiogopi, Bi Nati. Namwogopa mwenye namba."

Jumatano tulimtengeneza mama wa bandia. Bi Nati alitoa mifuko ya misumari, tukaipanga kwenye kiti cha nyuma kushoto na kuifunga mkanda. Kando yake akakaa Sikio, fundi cherehani mwenye mwili mdogo, aliyepewa jina hilo kwa sababu husikia sindano ikivunjika duka la tatu. Tulikwenda sitini, tukaenda sabini. Kimya. Tuliongeza mfuko mmoja, tukapunguza miwili, tukaupakata mmoja. Kimya.

"Misumari ina heshima," alisema Sikio. "Haimsemi mtu."

Bi Nati alitoa hukumu akiwa amejishika kiuno. "Mgonjwa hapimwi kwa picha yake. Namtaka mama mwenyewe kwenye kiti, na namtaka Sikio kwenye buti."

"Kwenye buti?" alishtuka Sikio. "Mimi nina watoto!"

"Na u mwembamba. Mlio uko nyuma, basi sikio liwe nyuma."

Tulipatana hivi. Buti lingefungwa kwa kamba na kuachiwa upenyo wa kiganja ili apate hewa. Kila atakaposikia mlio angegonga bodi mara mbili kwa spana, nami ningetazama mshale wa mwendo. Mama asingeambiwa lolote, kwa kuwa hatukupata maneno ya kumwambia. Utamwelezaje mzazi kwamba watu kumi na saba wamekaa kikao juu ya uzito wake?

Ijumaa mama alitoka na mkoba wake wa dawa, akaniombea safari njema kama kawaida, akakaa mahali pake. Mke wangu alisimama kibarazani, simu mkononi, uso wa hakimu.

Hamsini, kimya. Hamsini na tano, kimya. Sitini.

Ko. Ko-ko.

Kutoka kwenye buti: ko-ko.

Kwenye kioo niliyaona macho ya mama yamesimama. Kisha, taratibu, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole: ko.

Sikio, mtu mwaminifu kwa maagizo: ko-ko.

Ko, ko, ko, ko.

Ko-ko.

"Baba," aliita mama.

"Naam, mama."

"Simamisha gari."

"Kuna nini, mama?"

"Limenijibu."

Nilisogea kando ya barabara na kuzima injini. Neno lile lilinichukua muda kulielewa, maana jibu haliji pasipo swali. Niligeuka. Mkononi mwa mama mlikuwa na kijiko kirefu cha dawa, na ncha yake ilikuwa bado imeegemea chuma cha mkanda ubavuni pake. Nimesimamia mitihani kwa miaka ishirini na mitano, na ninaujua uso wa mtahiniwa aliyekutwa na kikaratasi. Sikutarajia kuuona kwa mtu ninayemwamkia kwa kuinama.

Buti likapaza sauti: "Mwalimu, nimepata! Siyo bushi! Ni kama kuna mtu anagonga kijiko!"

Mama alikitia kijiko mkobani bila haraka. "Na huyo ni nani?"

"Sikio, mama. Fundi cherehani."

"Wa kwenye buti?"

"Wa dukani, mama. Leo tu ndiyo yuko kwenye buti."

Nilifungua kamba. Sikio alichomoza, vumbi mpaka kwenye kope. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Toka humo, mwanangu, utapinda mgongo. Njoo ukae mbele kama watu."

Akakaa. Magari yalitupita. Hatimaye mama alisema, akitazama dirishani ili asinitazame mimi.

"Tangu mbadilishe hivyo vyuma vyenu, kila shimo la barabara linaniingia kiunoni. Na ukifika kwenye kona, moyo wangu unabaki nyuma, unatufuata kwa miguu. Siku ile ya kwanza kijiko kiligonga chenyewe kwa mtetemo. Nikaona umepunguza mwendo. Nikasema, kumbe dawa hii inafanya kazi hata nje ya chupa."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Nikuambie nini? Mama mkwe akisema 'punguza', kesho yake ni 'mama yako ananiendesha'. Gari likisema, huo ni ufundi."

Sikio alikohoa kicheko akakigeuza kuwa chafya. Siku tatu usiku nilikuwa nimelala chini ya gari lile nikiwa na tochi mdomoni, nikitafuta kwenye vyuma kitu kilichokuwa kwenye adabu.

Hata hivyo Jumamosi ilikuwa palepale, na kamba ya shemeji ilikuwa palepale. Sentensi moja tu ingeliokoa Kobe: *mama yako ndiye anayegonga.* Mama aliisoma sentensi hiyo kisogoni kwangu.

"Utamwambia binti yangu?"

"Nikimwambia ya kijiko, mama, utamwambia ya springi."

"Nitamwambia. Na ile kona ya kituo cha mafuta, ulipompita mwenye lori, nayo nitamwambia."

"Basi tumeshikana mashati."

"Mimi nimeshika spana," alisema Sikio. "Kliniki tunakwenda, hatuendi?"

Tulikwenda kwa mwendo wa hamsini, na mama alisinzia njia nzima.

Tuliporudi, mke wangu alikuwa bado kibarazani. Alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akamtazama fundi cherehani aliyejaa vumbi, ambaye asubuhi hakumwona akiingia.

"Limelia?"

Nilifungua kinywa. Mama alinitangulia.

"Limelia, mwanangu, sitakuficha. Limelia mpaka nikaomba lisimamishwe. Lakini huyu kijana amelisikia kwa masikio yake, na dawa imejulikana. Ni springi. Jumapili zinabadilishwa."

Sijawahi kuona uongo uliojengwa kwa matofali ya kweli tupu namna ile. Hapakuwa na neno moja la kukanusha.

"Una hakika, mama?"

"Nikipanda tena likagonga, mpe kaka yako na mimi nikiwa ndani."

Mke wangu alimpigia kaka yake. Tulisikia kutoka upande wa pili kwamba wavu ulikuwa umeshakatwa. "Uzungushie bustani," akamwambia, akakata simu.

Jumapili tulizirudisha springi za zamani, na Kobe likainuka kama mtu aliyeamka usingizini. Bi Nati alidai sababu ya ugonjwa kwa maandishi ili wenzetu wa miji mingine wafaidike. Nikaandika: "Springi ngumu. Zirudishwe laini." Sikio alisoma juu ya bega langu, akaenda kucheka nyuma ya matangi ya maji.

Jioni, mwenye Kobe nisiyemjua, aliyefikiwa na maandishi yale, aliniandikia kutoka mji wa mbali. Kobe lake pia linagonga, alisema, nyuma kulia, kuanzia sitini. Nalo hugonga akimpakia shangazi yake tu. Amefungua mlango mzima hakuona kitu. Je, aagize springi za aina gani?

Nilianza kumwandikia jibu la kitaalamu, nikalifuta. Nikaandika: "Jaribu hamsini kwanza."

Siku ya pili alijibu: kimya kabisa, na Mungu anizidishie elimu.

Nilimsomea mama mezani, mke wangu akiwa jikoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta miwani, kisha akainama karibu na sikio langu na kuuliza kwa sauti ya chini huyo shangazi anaishi wapi, na kama ana simu.