Gari la Benadetha Halijambo

Gari ambalo Benadetha alilinunua jipya lilizimika tena Jumatatu asubuhi, katikati ya barabara kuu ya 270 huko Maryland, Marekani, malori yakimpigia honi kushoto na kulia. Usukani ukawa mgumu kama jiwe. Alilisogeza hadi pembeni kwa sala na mabavu, kisha akageuka kumtazama Edna, bintiye wa miaka minne, kwenye kiti cha nyuma. Mtoto anacheka, eti mama afanye tena. Afanye tena! Siku nzima kazini, katika mji wa Bethesda alikomuuguza bibi kizee mmoja, Benadetha hakutulia: anakaa, anasimama, anachungulia dirishani.

Hiyo ilikuwa mara ya tano. Mara nne alilirudisha kwenye karakana ya duka lililomuuzia, mara nne akarudishiwa funguo na tabasamu. Sheria ya Maryland ilimpa miezi ishirini na minne kudai gari bovu lichukuliwe na arudishiwe pesa, mradi ubovu uwe umeripotiwa ndani ya muda huo. Zilibaki siku tisa.

Jioni karatasi zake za karakana alimpelekea Ndirangu, Mkenya wa kanisani aliyekuwa karani kwa wakili. Ndirangu alisoma, akasoma tena, akavua miwani.

"Dada, hizi ulizisign bila kusoma?"

"Nilizisoma juu juu. Kwani zina nini?"

"Zote nne zinasema mteja ameripoti gari iko sawa. Wakabadilisha oili, basi. Kwa sheria, hii gari haijawahi kuharibika hata siku moja. Kwani uliwaambia nini?"

Benadetha alikumbuka, uso ukamwaka. Kila mara Peterson, kijana wa mapokezi pale karakana, alimuuliza kwa Kiingereza habari za leo, na gari linaendeleaje. Naye, aliyelelewa Musoma akafundishwa adabu, angejibuje? Nzuri. Linaendelea vizuri tu. Kwao hata mgonjwa mahututi husema hajambo kwanza, watu wakaulizana ya nyumbani, ndipo shida itolewe polepole. Peterson hakuwa na muda huo. Akisikia nzuri, kalamu imeshamaliza kazi. Shida ikija kutolewa, yeye yuko kwenye simu. Ungwana wote ule, na ndio uliomponza!

"Kesho irudishe," Ndirangu akasema. "Akikuuliza, anza na mbaya. Ikiandikwa hata mara moja, tuna pa kuanzia."

Asubuhi alipita vichochoro, akiogopa barabara kuu, akilijaribu neno lile mdomoni. Lilimkaa kama tusi.

"Habari za asubuhi?" Peterson aliuliza bila kuinua kichwa. "Gari halijambo?"

Nzuri ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Benadetha akaimeza.

"Mbaya," alisema.

Peterson akainua kichwa.

"Mbaya sana. Linazimika barabarani. Na mimi hali yangu mbaya. Silali. Naogopa litaniua, mimi na mwanangu."

Wateja waligeuka. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Alikuwa na hasira na Peterson, na zaidi na nafsi yake, kwa ile miezi yote ya kusema hajambo.

Peterson aliandika, akamsogezea karatasi. Safari hii Benadetha aliisoma neno kwa neno, akifuata kwa kidole: injini huzimika gari likiwa kwenye mwendo.

"Ongeza kwamba mtoto alikuwemo."

"Fomu haina nafasi ya mtoto."

"Andika pembeni," alisema Benadetha, na hakuigusa kalamu ya kutia sahihi mpaka Peterson alipoandika.