Kadi Tatu za Neno Zimwi

Alhamisi saa tatu asubuhi zimwi lilipanga foleni kwenye ofisi ya kamusi, nyuma ya mwalimu aliyekuja kulalamikia tahajia. Lilikuwa limeinama kwa sababu ya dari. Zamu yake ilipofika, Bi Kadi, mtunza kadi za maneno kwa miaka ishirini na mbili, alilisogezea kiti kisicho na mikono, akashika kalamu.

Roho ya Bi Kadi ilikuwa juu. Kamusi ya zamani ilisema zimwi ni kiumbe wa kutisha, hasa ajuza anayeishi peke yake. Mwenyekiti wa mtaa alimsomea hayo mama yake Bi Kadi, mjane, akampa hadi Jumamosi awe amehama. Shemeji yake mama, ndugu wa marehemu mumewe, alishapima mlango aone kama kitanda chake kitapita. Chapa mpya ya kamusi ingefungwa kesho yake. Maana ikibadilika, mama angebaki nyumbani mwake. Lakini ofisi haibadilishi neno bila kadi tatu za mashahidi watatu, na Bi Kadi hakuwa na hata moja.

Zimwi likaeleza asili ya neno bila kupamba. Wa kwanza kuitwa hivyo ni lenyewe, enzi hizo likiwa mwanamke mfinyanzi, aliyefiwa na mume akakataa kuwaachia wakwe nyumba. Meno na mkia vilikuja baadaye, polepole, kadiri watu walivyozidi kusema.

"Ulikula watu?" Bi Kadi aliuliza, maana fomu inataka.

"Nilikula nilichopika."

Likaweka dole gumba, wino ukaenea meza nzima. Bi Kadi akaufuta, huku akiwaza. Kama hili ni zimwi, na mama naye ni zimwi, yeye basi ni mtoto wa nini?

Mhariri mkuu aliisoma kadi mara mbili, akalisifu zimwi kwa kumbukumbu nzuri, akaiweka kando. Neno, alisema, haliwezi kujitolea ushahidi lenyewe. Ila mkia ameuona kwa macho yake, kwa hiyo akauongeza kwenye maana ileile ya zamani.

Jumamosi mama alihama. Zimwi lilikuja kusaidia, kabati bega hili, godoro bega lile. Majirani wakaliamkia kwa adabu zote, na mmoja akaliomba limwinulie tangi la maji. Mwenyekiti akaliambia lisogee kidogo, kitanda cha shemeji kipite. Bi Kadi aliwatazama, akachanganyikiwa kabisa. Hawa wanamfukuza nani, na wanamwamkia nani?

Kwenye kona mama akasimama apumue. "Mwanangu, wewe ndiye mtu wa kamusi. Hivi mimi ni zimwi kweli?"

"Sijui, mama. Imeandikwa hivyo."

Mama hakumlaumu. Akaligeukia zimwi, akaliuliza mtu huchukua muda gani kulizoea jina hilo.

Zimwi likaliweka godoro vizuri begani, likafikiri. Likasema lenyewe bado.